Zipu Kwenye Sketi ya Shangazi

Wenye haki ya kumwita Shangazi walikuwa watoto wa fundi bomba, kwa kuwa alikuwa dada wa baba yao na aliishi nao nyumba moja. Majirani wakalidandia jina hilo, wenzake wa kazini wakalipokea, na hatimaye hata vikongwe waliomzidi umri kwa mbali wakawa wanamwamkia, "Shangazi, umeamkaje?" naye akiitikia bila kuona ajabu yoyote. Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki la hospitalini tu.

Alizaliwa na ulemavu wa akili. Jambo lilichukua muda kuingia kichwani mwake, ila likishaingia, hata kwa nyundo hulitoi. Maneno yalimtoka kwa mafungu madogo, na kati ya fungu na fungu palikuwa na kimya ambacho watu wengi hawakuwa na subira ya kukivuka. Ndiyo maana walizoea kumsemea. Daktari alimwuliza kaka mtu, "Huyu anaumwa wapi?" ilhali mwenye tumbo ameketi palepale. Muuza nguo alimwuliza wifi yake, "Anapenda rangi gani?" Shangazi alikuwa mtu wa makamo, mwenye ajira na mwenye kabati lake na ufunguo wake, lakini akifika mbele ya kaunta yoyote, aligeuka mzigo ulioletwa na mtu.

Kazi yake ilikuwa kukunja shuka katika nyumba ya dobi iliyofulia mahoteli na zahanati. Shuka pana haikunjwi na mtu mmoja: wawili hushika pembe, wakainyoosha, wakaikung'uta, kisha wakatembea hadi wakutane. Mwenzake wa kushika pembe alikuwa mwanamke wa rika lake aliyepachikwa jina la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Chiriku aliongea na Shangazi kama alivyoongea na kila mtu, yaani kwa uchokozi.

"Shangazi, mbona uso leo umekunjamana hivyo? Tuupitishe pasi?"

Shuka ikakunjwa mara ya kwanza, ikakunjwa mara ya pili, ndipo Shangazi akajibu: "Anza na wako."

Chiriku alicheka hadi akaegemea mashine ya kukaushia. "Huyu jamani! Huchelewa kufika, lakini akifika, kafika na rungu!"

Ni Chiriku huyohuyo aliyemwingiza kwenye ngoma. Kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wenye sakafu ya mbao iliyolalamika kila ilipokanyagwa, walikutana watu wazima wenye ulemavu wa akili na watu wazima wasio nao, wakacheza pamoja, wawili wawili. Hapakuwa na wa kuhurumia wala wa kuhurumiwa. Palikuwa na wachezaji. Mwalimu, mwanamume mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliweka miiko miwili. Wa kwanza: ngoma humfuata mchezaji. Mpigaji wao, seremala mstaafu, alikodolea macho miguu, na hakupiga pigo jipya mpaka mguu wa mwisho utue. Wa pili: mkono huombwa, na aliyeombwa ndiye huachia. Mwenzako akikupa kiganja chake, hukitupi mpaka yeye mwenyewe apende kukitoa.

Kwa mgeni, ngoma ile ilionekana mbovu. Ilisimama katikati ya hewa kumngoja mtu ageuke. Ilisimama tena kumpisha kijana aliyeitwa Redio, ambaye hakuweza kucheza bila kutangaza: "Habari zilizotufikia hivi punde: mguu wa kushoto umetangulia! Wananchi wameombwa watulie!" Lakini waliokuwa ndani walijua wanachokisikia. Mguu wa Shangazi ndio uliochelewa kuliko yote, kwa hiyo ukumbi mzima ulipumua pamoja na mguu ule. Huko kwingine kote, kuchelewa kwake kulikuwa kero. Pale kulikuwa mdundo.

Mwaka huo Mwalimu akaleta habari kwamba kikundi kimealikwa kwenye onyesho kubwa, katika ukumbi wa mji, mbele ya wageni ambao wakipendezwa wangewajengea ukumbi wao wenyewe. Shangazi aliibeba habari hiyo nyumbani kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Kaka. Nitacheza. Watu watatazama. Utakuja?"

"Nitakuja, na watoto wote nitawaleta," alisema fundi bomba. "Hata paka nitamfunga tai."

Sketi za onyesho zilikuwa za zambarau, zenye marinda, zikifungwa kwa zipu na kulabu kiunoni. Vidole vya Shangazi havikupatana na kulabu. Wifi yake akaifumua sketi ya Shangazi kiunoni, akatoa zipu, akatia mpira mpana. "Avae mwenyewe," alimwambia mumewe. "Mtu mzima havalishwi." Shangazi aliijaribu mbele ya kioo, akaivua, akaivaa tena, kwa raha tu ya kuivaa.

Wiki ya onyesho ilipoingia, Chiriku alimjia wakiwa kwenye meza ya kukunjia.

"Shangazi wangu, onyesho limesogezwa mbele. Mwezi ujao. Mwalimu anataka sketi zote zirudi zikatunzwe pamoja."

"Mwezi ujao?"

"Mwezi ujao. Kesho niletee, nitampelekea."

Shangazi akaileta, akamkabidhi mkononi. Fundi bomba, aliposikia hivyo, akakubali kwenda kuziba mabomba ya mteja siku iliyokuwa imepangiwa onyesho. Yeyote mwingine angeuliza maswali mawili matatu. Shangazi hakuuliza, kwa sababu aliyesema ni Chiriku, na kwa Chiriku hakuwahi kuwa na haja ya kuuliza.

Siku yenyewe, asubuhi, dereva wa dobi aliingia na rundo la nguo za zambarau zilizofuliwa usiku. "Pasi, haraka! Zinatakiwa ukumbi wa mji kabla ya saa tisa."

Chiriku, aliyekuwa hajanyamaza tangu aajiriwe, alinyamaza. Alikunja shuka nzima, akaikosea, akaikunjua.

Shangazi alizipokea sketi kutoka kwa mpiga pasi ili azitundike kwenye viango. Moja ilimsimamisha. Kuzunguka kiuno kulikuwa na vitundu vidogo vya sindano, mistari miwili, mahali ulipokuwa mpira. Mpira haukuwapo. Kiuno kilikuwa kimebanwa kimtoshe mtu mwembamba, na ubavuni palikuwa na zipu mpya na kulabu inayong'aa.

"Chiriku. Mpira wangu uko wapi?"

"Mpira gani tena?"

"Wa sketi yangu. Hii."

"Aa, sketi zote zinafanana, Shangazi. Hiyo si yako."

"Yangu."

"Basi watakuwa wameirekebisha tu. Mafundi wana wazimu wao." Chiriku hakumtazama. Muda mfupi baadaye alimwendea msimamizi, akasema mwanawe ana homa, akafungua aproni na kuondoka. Pembe ya shuka ikabaki inaning'inia mezani.

Kwa kuwa Chiriku hakuwapo, ni Shangazi aliyefuatana na dereva kubeba viango. Alivibeba kwa mikono miwili mpaka mlango wa nyuma wa ukumbi wa mji, na wa kwanza kumwona alikuwa Redio, amevaa shati la zambarau, nywele zimechanwa kwa maji.

"Habari kamili!" alitangaza Redio kwa furaha. "Shangazi ameondolewa kikundini leo! Nafasi yake imechukuliwa na binti wa chuo! Redio amebaki kwa kuwa miguu yake ni myepesi!"

"Redio, nyamaza!" ilisema sauti ya Chiriku nyuma ya pazia. Kisha akatokea mwenyewe, uso umepakwa poda, mdomo umetiwa rangi, na alipomwona Shangazi na viango vyake akabaki kama aliyemwagiwa maji.

Mwalimu alifika upesi. Alichukua viango, akampa dereva, akamshika Shangazi begani kwa upole ule wa siku zote.

"Shangazi, leo wewe ni mgeni wetu wa heshima. Tumekuwekea kiti mstari wa mbele kabisa."

"Mimi ni mchezaji."

"Ni mchezaji, nani amekataa? Ila leo muda wetu ni mfupi, vikundi ni vingi, na muziki unatoka kwenye spika. Spika haingoji mtu, unanielewa? Tukifanikiwa leo, tutapata ukumbi, utacheza mpaka uchoke."

Shangazi alikuwa bado kwenye neno "spika" wakati Mwalimu alipokuwa amekwisha kuondoka.

Alikaa mstari wa mbele. Kando yake alikuwa seremala mstaafu, mikono mitupu juu ya magoti. "Na mimi wamenifanya mgeni wa heshima," alinong'ona mzee. "Heshima imezidi, mwanangu, hadi inauma."

Taa za jukwaa zikawaka. Muziki ukaanza kwa kishindo, nao wakatoka wawili wawili, Redio akiwa mbele, midomo yake imefumbwa. Alikuwa amekatazwa kutangaza. Chiriku alishikana mikono na binti mwembamba, na sketi ya yule binti ilipepea vizuri, hilo Shangazi aliliona na hakulikana. Walicheza vizuri. Lakini mara kwa mara muziki ulitoa mlio, na kwa mlio ule wote waliachiana mikono kwa pamoja, wakazunguka, wakashika mwingine. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyengojwa. Kila mlio ulipolia, Chiriku alikuwa wa kwanza kuachia.

Makofi yalipovuma, Mwalimu alikamata kipaza sauti. Aliwashukuru wageni, akasema kikundi hiki kipo kwa ajili ya ndugu zetu wanaochelewa kidogo maishani, akaelekeza mkono mstari wa mbele. "Shangazi, simama wakuone! Mpigieni makofi Shangazi!"

Wakapiga makofi. Shangazi hakusimama. Mwanamke wa kiti cha nyuma akamgusa na kumwambia kwa sauti ya kumsaidia asiyesikia, "Simama, mama, wanakuita wewe!" Hakusimama. Makofi yakapungua, yakawa ya hapa na pale, yakaisha, na ukumbi ukabaki na kimya cha aibu ambacho Mwalimu alikiziba haraka kwa kuita kikundi kilichofuata.

Chiriku alimkuta nje ya ukumbi, karibu na ngazi. Poda ilikuwa imechirizika.

"Nisikilize, Shangazi. Nilikuwa nakulinda. Watu wangekucheka."

"Hawajanicheka. Wewe umeniambia mwezi ujao."

"Ungechoka. Muziki ule ni wa mbio."

"Sikuchoka mimi," alisema Shangazi. Alingoja neno lake lingine lifike. "Umenichoka wewe."

Chiriku aliposema tena, sauti yake haikuwa na uchokozi wala utani. "Mwalimu aliniambia nichague. Nicheze na yule binti, au nikae nje pamoja nawe. Maisha yangu yote nafua matandiko ya watu, Shangazi. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Hata mara moja."

"Na mimi?"

Chiriku akanyoosha mkono. "Twende basi, nikusindikize."

"Njia naijua."

Binti wa chuo aliwapita akiwa amebadilisha nguo. Alikuwa amesikia. Alitoa sketi kwenye mfuko wake, imekunjwa vizuri. "Sikujua kama ina mwenyewe, Shangazi. Niwie radhi." Shangazi aliipokea, akamwitikia kwa kichwa. Kwa huyu hakuwa na neno.

Fundi bomba alirudi nyumbani akamkuta ameketi, sketi iko mapajani.

"Hii imetoka wapi? Si mlisema mwezi ujao?"

"Ilikuwa leo."

Ilichukua muda kumtoa habari yote, na kila kipande kilipotoka, mishipa ya shingo ya kaka mtu ilizidi kusimama. Mwishowe alipiga meza. "Nitamfuata huyo mwalimu anieleze! Na wewe, Jumamosi hukanyagi tena pale. Nimesema. Wifi yako atakutafutia kitu kingine cha kufanya."

"Nitaenda."

"Ukafanye nini kwa watu kama wale?"

"Kucheza. Ngoma ni yangu pia, Kaka. Mwalimu nitamwambia mwenyewe." Akavuta pumzi. "Usinisemee."

Fundi bomba alitaka kuendelea, lakini mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Fundi akauliza kwa sauti ya chini zaidi: "Na Chiriku, je? Kesho kutwa si mko naye kazini, meza moja?"

Swali hili lilimchukua Shangazi muda mrefu kuliko yote. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza, na hakuna hata mmoja aliyejaribu kummalizia.

"Tutakunja shuka," akasema. "Shuka ni kazi. Akinitania, nitamjibu."

Akaisukuma sketi kando.

"Lakini akiniambia kitu, nitamwuliza mtu mwingine kama ni kweli."