Jiwe la Kusagia la Hoteli ya Mama

Miaka ya tisini mama alichimba shimo la choo nyuma ya hoteli yake, Migori mjini, akagonga ukuta wa mawe uliozunguka boma la watu wa kale. Ndani ya ukuta mlikuwa na vigae vya vyungu na jiwe la kusagia, zima, limelika upande mmoja. Majirani wakasema basi, tunakula juu ya gunda, hame la watu tusiowajua. Wateja wakapungua.

Akaja ofisa wa makumbusho, suruali imenyooshwa hata nikamchukia bure. Akasema mama anaweza kupanga meza mle ukutani, mradi kila kitu kikae kilipokutwa, kiandikiwe kibao, kisiguswe. Akirudi akute kimeguswa, anafunga hoteli. Na hoteli ndiyo iliyotulisha.

Vibao niliandika mimi, maana nina mwandiko. Niliandika USIGUSE kila mahali mpaka wateja waliobaki wakaogopa chumvi.

Ndipo shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Mbita kwa siku mbili, akakaa wiki tatu. Kusoma hakujua. Asubuhi ya kwanza aliliona lile jiwe, akaitisha wimbi, akapiga magoti, akasaga. Mama alimkemea, nami nikamkemea kumshinda mama.

"Jiwe la mwanamke mwenzangu likae na njaa, nanyi mnalitazama tu?" akasema. "Hamna haya nyinyi."

Akaendelea kila siku. Kinachoniudhi ni kwamba uji wake ulirudisha wateja wote. Lakini mama hakulala kwa hofu ya ofisa, na siku aliyosikia kwamba yuko njiani alimfungashia wifi yake begi, akaliweka mlangoni.

Ofisa alimkuta shangazi bado anasaga, unga hadi viwikoni. Mama akashika meza. Nilitamani kulia. Yule bwana akachuchumaa, akatazama muda mrefu.

"Nani alikufundisha kusukuma hivyo?"

"Mama yangu. Wewe wako hakukufundisha kitu?"

Akacheka, akanywa uji vikombe viwili. Akasema siku zote alikuwa akijiuliza kwa nini mawe haya hulika upande mmoja, na sasa ameona kwa macho yake. Hoteli iendelee, akasema, mradi huyu mama anayesaga asihamishwe.

Mama alilitazama begi. Akalibeba, akalirudisha ndani.

"Wifi," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "utakunywa chai ya maziwa?"