Anande na Swali la Mgomba

Anande hakuwahi kumpimia mteja gazeti kuukuu kabla hajalisoma pande zote mbili. Mteja angeweza kuwa na haraka zake, ameacha mafuta jikoni, lakini Anande angeshika ukurasa mmoja mmoja, angeugeuza huku midomo ikichezacheza, na ndipo angeuweka kwenye mzani. Akikuta kisanduku cha "Je, wajua?" alikikata kwa wembe na kukitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukurasa wenye tundu aliuuza vilevile.

"Mama Joel, mimi nafungia samaki, sifanyi mtihani," mama mmoja wa Ngarenaro alimwambia siku moja.

"Ngoja nisome. Je, kama humu kuna msiba wa kwenu, uje uusome umelowa mafuta?"

Kibanda chake kiko Kaloleni, hatua chache kutoka uwanja wa mpira. Mimi nimepanga chumba uani kwake kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Alitoka Machame akiwa msichana, akaolewa mjini, akafiwa na mume mapema, akamlea mwanawe Joel kwa magazeti aliyoyakusanya maofisini na hotelini. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku biashara ilichangamka. Kisha simu zikajaa mikononi mwa watu, magazeti yenyewe yakawa haba.

Shule aliishia darasa la saba. Lakini ndiye aliyenifundisha mimi, mwalimu mwenye stashahada, kwamba kipepeo huonja kwa miguu, kwamba vita vifupi kuliko vyote vilipiganwa Unguja na havikumaliza saa nzima, kwamba siku moja ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake. Asubuhi nikienda kazini alinitupia swali. Jioni alinisubiri langoni, na nikishindwa alicheka mpaka akakaa chini.

Alikuwa na sheria moja. Swali ambalo jibu lake halikupigwa chapa kwenye karatasi, halifai kuulizwa. "Kichwa changu si gazeti," alisema. Sheria hiyo aliivunja mara moja tu.

Mwaka huu rovu alilokuwa nalo shingoni tangu nimjue lilianza kumkaba. Usiku alilala ameketi. Sauti ikawa ya kukwaruza, uji ukawa unapita kwa kusukumwa na maji. Nilimpeleka hospitali, maana Joel yuko Mwanza. Daktari, kijana mpole, alisema litolewe. Akaeleza pia, kwa kuwa ni haki ya mgonjwa kuelezwa, kwamba mishipa ya sauti inapita jirani kabisa na pale, na kwamba wapo wachache wanaotoka wakiwa hawawezi kusema.

"Wachache wangapi?" Anande akauliza.

"Wachache sana, mama. Kati ya mia, labda mmoja au wawili."

"Nimeuza magazeti miaka thelathini, daktari. Hao mmoja wawili ndio wanaoandikwa."

Daktari akacheka. Anande hakucheka. Tulipotoka nje aligusa shingo yake, akasema, "Twiga ana mifupa saba shingoni. Mimi nami saba. Mwenzangu anameza majani ya juu ya miti, mimi nashindwa na uji." Akanishika mkono tukavuka barabara.

Alipangiwa Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia, nilirudi kazini nikamkuta kibandani na ukurasa magotini, mteja amesimama mbele yake na mzani mtupu. Alininyooshea ukurasa bila kusalimu. Kisanduku kilikuwa kidogo, mistari sita. Kilisema mgomba si mti. Hauna mbao, shina lake ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, kwa wataalamu ni mmea wa jamii ya majani, ila ni mkubwa mno.

"Unamkumbuka yule binti wa Akheri?" akaniuliza.

Nilimkumbuka vizuri.

Ilikuwa miaka kumi na saba nyuma. Vijana wa sharika walikuwa na mashindano ya chemsha bongo, na kwa kuwa sifa za Anande zilikuwa zimeenea, aliombwa atunge maswali. Fainali ilifanyika Akheri, vijana wa mjini dhidi ya wenyeji. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Timu zikalingana, maswali yakaisha, watu wakataka mshindi apatikane kwa sababu pilau ilikuwa tayari na mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlimani. Anande akapekua kopo lake. Lilibaki swali moja, kutoka ukurasa uliochanika: *Je, mgomba ni mti?* Jibu lilikuwa limekwenda na nusu ya pili. Akaona halina ubaya. Nani asiyejua mgomba, Umeru na Uchagani? Akalijibu mwenyewe, kichwani.

Binti wa darasa la saba aliyeitwa Nashilu akanyoosha mkono.

"Si mti," akasema.

"Ni nini basi?"

"Ni majani."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Wazee waliozaliwa chini ya migomba walifuta machozi. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Basi kumbe sote tumezaliwa nyasini!" Anande akatikisa kichwa. Mjini wakajibu ni mti, wakashinda.

Mimi ndiye niliyekuwa ubaoni, nimeshika chaki. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, masomo yangu baiolojia na kemia. Nilijua kwamba yule mtoto amesema kweli. Mchungaji alikuwa anacheka safu ya mbele, nami nilikuwa mgeni na mdogo, na nikajiambia kwamba ni mchezo tu. Nikaandika sifuri. Anande sikumwambia siku ile, wala mwaka uliofuata, na kadiri miaka ilivyopita ikawa vigumu zaidi kulianza jambo hilo.

"Lazima nimwambie," Anande akasema Ijumaa ile. "Kesho."

"Mama, pumzika kwanza. Nitamwandikia ujumbe kwa simu."

"Nilimkosea kwa mdomo huu, mbele za watu. Jumatatu wanaweza kuufunga. Mdomo wenyewe ndio uende."

Mwinjilisti wa kule alituambia kwa simu Nashilu anapokaa. Jumamosi tulipanda gari hadi Tengeru, kisha pikipiki mbili, Anande mbele yangu, kitenge shingoni, akikohoa kila tulipopita vumbi. Niliomba moyoni tumkose nyumbani. Nikaomba pia asinitambue. Nikaona aibu kwamba naomba hivyo wakati mwenzangu anaogopa kisu.

Tulimkuta nyuma ya banda la ng'ombe, mwanamke wa miaka thelathini mwenye mikono minene, anakatakata mgomba kwa panga. Vipande vilikuwa vinaanguka kwenye hori vikitiririka maji.

"Shikamoo mama. Shikamoo dada. Karibuni." Alimtazama Anande, akashusha panga. "Mbona kama nakufahamu? Wewe si mama wa maswali?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye mimi. Nimekuja kukwambia kwamba ulipata. Mgomba si mti. Nilikukosesha bure." Akatoa ule ukurasa mkobani, akauonyesha kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa askari.

Nashilu hakuupokea, mikono ilikuwa na utomvu. Aliusoma pale pale ulipo mkononi mwa Anande, taratibu, hadi mwisho.

"Mama, mimi sikusoma mahali," akasema. "Nilikuwa nakata kila siku kuwapa ng'ombe. Tazama." Akaokota kipande, akakichambua, ganda juu ya ganda, mpaka katikati. "Ungekuwa mti si ningeomba shoka?"

Anande akacheka, akashika shingo kwa maumivu. Nashilu naye akacheka, lakini kwa muda mfupi.

"Waliniita Majani mpaka harusini kwangu. Shangazi mmoja akamuuliza bwana harusi kama amenilipia kwa mafungu ya nyasi ama kwa mikungu ya ndizi." Akafuta panga kwenye gunia. "Hayo nilizoea. Ila darasani sikunyoosha mkono tena. Mwalimu akiuliza, jibu ninalo, mkono hauinuki. Mpaka namaliza la saba."

"Nisamehe, mwanangu."

"Wewe hukujua, mama, nikulaumu nini? Aliyeniuma ni yule dada wa ubaoni. Nilimtazama wakati wanacheka. Akanitazama. Hakuwa anacheka. Nikasema moyoni, huyu anajua, sasa hivi atasema. Akageuka akaandika sifuri."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Siku zile nilikuwa mwembamba na nilisuka. Sasa nina miwani na kichwa kimenyolewa. Ng'ombe alivuta kipande horini. Kulikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema, nami nikaitazama ikipita, kama mara ya kwanza.

Anande hakugeuka kunitazama. Alifunga mkoba wake polepole, akahangaika na zipu.

"Niulize lingine basi," Nashilu akasema, labda ili kutuondolea uzito. "Nione kama bado nimo."

"Pweza ana mioyo mingapi?"

"Mama! Huku Akheri pweza nimwonee wapi?"

"Mitatu."

"Mitatu, na bado anakamatwa?" Akatufungia maziwa kwenye chupa, akatusindikiza mpaka njiani.

Kurudi, Anande alikaa dirishani na hakuzungumza. Nikadhani ni koo. Jumapili asubuhi nilipita mlangoni kwake nikasimama kusubiri swali. Alinitakia ibada njema tu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuninyima swali, hata siku aliyomzika dada yake. Siku nzima nilipanga maneno. Jioni nilipika ndizi, nikampondea, akala vijiko vitatu, nikaosha vyombo, na maneno yakabaki yalipokuwa.

Rovu lilitolewa lote. Sauti haikurudi. Daktari alisema tusubiri miezi sita, na miezi sita imekwisha. Joel alikuja, akakaa wiki mbili, akarudi Mwanza. Anande yuko kibandani, anageuza kila ukurasa pande zote mbili kabla ya kuupima, na wateja wanamgombeza na yeye anawajibu kwa nyusi. Maswali ananiandikia kwa kalamu pembeni mwa gazeti: mfalme gani, sayari ipi, mdudu mwenye macho mangapi. Kila asubuhi nachukua kile kipande kwa hofu, nikifikiri leo ndilo. Lile la mwisho aliloniuliza kwa mdomo hajaliandika.

Jumatatu ile muuguzi alikuwa ameshashika kitanda cha magurudumu, mlango wa chumba cha upasuaji umefunguliwa nusu. Nilikuwa nimebeba viatu vyake na kitenge. Anande aliinua mkono, muuguzi akasimama. Aliniita karibu mpaka nikainama juu ya uso wake.

"Mwalimu," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Swali la mgomba. Wewe jibu ulikuwa nalo?"