Futi ya Fundi Jicho

Ulikuwa mwaka wa nne tangu bunduki zinyamaze. Hapana, si wa nne, ni wa tano. Wa nne ndio ule upepo ulipoezua paa la soko, na wakati huo fundi alikuwa bado anashonea cherehani ya kuazima. Basi tuseme wa tano, maana cherehani ilikuwa yake mwenyewe, nyeusi, ya miguu, maua yake ya dhahabu yamefutika upande mmoja kwa viwiko vya watu waliokuwa nayo kabla yake.

Alikuwa ameiweka kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, kati ya rundo la ndoo na kiti kifupi cha fundi viatu. Mtu akipita na kusema, "Fundi, habari za kazi," waliitikia wote wawili pamoja kama watoto darasani. Ili kuondoa utata, watu wakampa yule wa viatu jina la Mzee Gundi, na huyu mama wa nguo wakamwita Fundi Jicho.

Fundi Jicho hakuwa anapima mtu. Ulimletea kitambaa, akakutazama ukipanda ngazi mbili za baraza, akakutazama ukigeuka kuaga, basi, amemaliza. Wiki ijayo nguo inakukaa kana kwamba ulizaliwa nayo. Alijua nani amenenepa mabega na nani amekonda kwa mawazo. Siku moja alimwambia mke wa mwenye duka, "Mama, hapa kiunoni nitakuachia nafasi kidogo." Yule akauliza nafasi ya nini. "Nakuachia tu, mama." Wiki tatu baadaye mke wa mwenye duka alirudi kutoka zahanati anacheka peke yake, akamwambia, "Wewe ungeniambia mapema nisingepanga foleni."

Wageni wa mji walimsifu sana kwa jicho lile. Wenyeji walimsifu pia, lakini wao walijua jina lilikotoka.

Wakati wa vita watu wenye bunduki waliingia sokoni mchana kweupe, wakachukua wanawake kumi na mmoja, wakaondoka nao. Yeye alichukuliwa na futi shingoni, ule utepe wa kupimia, kwa sababu alikuwa katikati ya kumpima mteja. Walikaa kule miezi saba. Waliyotendewa, mji mzima uliyajua bila kusimuliwa, na hakuna aliyetaka kusimuliwa. Walirudi sita. Wakaanza kuitwa "wale wa kule", kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa mbele ya watoto. Mumewe alimpokea kwa maji ya moto na nguo safi, akakaa naye siku tisa, na siku ya kumi akasema anakwenda mji wa pili kutazama kazi. Mpaka leo anaitazama.

Aliporudi kwenye ushonaji alidhani mambo ni yale yale. Mteja wake wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyetaka sketi. Fundi akachukua futi, akainama kumzungushia kiunoni, na yule mama akarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili, mpaka akaangukia sanduku la kiwi na brashi la Mzee Gundi. "Usijisumbue, mwenzangu," akasema, anajifuta vumbi. "Nimekuja na sketi ya zamani hapa kwenye mfuko. Shona kama hii."

Wa pili akaja na mfuko. Wa tatu naye. Hakuna aliyemwambia usoni, ila maneno ya mjini hayana mlango, yakamfika: kwamba mkono wake una mkosi, na atakayepimwa naye, hasa msichana ambaye hajaolewa, yaliyompata fundi yatamfuata. Fundi akaviringisha futi, akaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini na vifungo visivyo na wenzao, akaanza kutazama watu. Hivyo ndivyo jicho lilivyokuja.

Mzee Gundi alikuwa anayaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake. Hakuwa mtu wa hotuba. Saa nne alimimina chai kutoka kwenye chupa yake, akampa fundi kikombe, na fundi akisharudisha, yeye alimimina yake humo humo, akanywa taratibu, watu wanapita wanaona.

Sasa, fundi alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja, na huyo mdogo alikuwa na binti. Kabla ya vita binti yule alikulia mgongoni kwa fundi, anakanyagiwa cherehani mpaka analala. Baada ya vita walimwachia aje kusalimia, lakini asimame pale chini ya ngazi. "Shikamoo, mama mkubwa." "Marahaba, mwanangu, umekula?" Basi, anaondoka. Miaka mitano fundi hakumgusa hata nywele.

Binti akachumbiwa. Akasema wazi nyumbani kwao kwamba gauni lake litashonwa na mama mkubwa, na kama si mama mkubwa ataolewa na sare ya shule. Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mnene, mwenye heshima zake na miwani ya kamba, alikubali kwa sharti moja.

Mdogo mtu ndiye aliyeleta sharti hilo barazani, pamoja na kitambaa cha rangi ya maziwa na mfuko.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa."

"Sikai, nimeacha jiko linawaka." Akauweka mfuko juu ya cherehani bila kumtazama dadaye. "Kipimo ni hiki, gauni lake la zamani. Binti ana shughuli nyingi, hataweza kuja."

"Hataweza."

"Dada, unajua jinsi watu walivyo."

"Najua. Haya, mdogo wangu, nenda kwenye jiko lako."

Alipoondoka, fundi alitoa lile gauni mfukoni, akalishika mabegani, akalinyoosha. Akalitazama muda mrefu. Gauni lile halikuwa la binti. Lilikuwa la mtu mwenye nyonga mara moja na nusu ya zake, kwapa zimetanuka, na kiunoni limefumuliwa likaongezwa. Mdogo wake, kwa haraka na kwa aibu, alikuwa amekwapua kutoka kwenye kamba ya nguo gauni la mpangaji mwenzake. Hilo ndilo kosa la mji ule: tangu watu waanze kutuma mifuko badala ya miili, kila harusi ingekuwa na mtu mmoja aliyevaa kipimo cha jirani, kama si jicho la fundi.

Fundi Jicho alikuwa hahitaji gauni lolote. Alishamwona binti wiki ile ile amesimama chini ya ngazi. Akachukua chaki, na juu ya ubao wa ukuta nyuma ya cherehani akaandika tarakimu nne: bega, kifua, kiuno, urefu. Hizo zilikuwa za binti, kama jicho lilivyompa. Akazitazama. Kisha akatandaza kitambaa cha rangi ya maziwa, akaweka juu yake gauni la mpangaji, akakata kama alivyoletewa.

Mzee Gundi alikuwa na kisigino mdomoni, maana yake misumari ya kisigino. Akaitema mkononi.

"Fundi, mbona hiyo mishono unashikiza kwa uzi mrefu? Hiyo si ya kudumu. Mtu akipiga chafya anabaki na kola."

"Cherehani ina usingizi leo."

"Mimi sijui nguo," akasema mzee, "ila naona kama hilo gauni lina watu wawili ndani."

"Kikubwa kinapunguzika, mzee wangu. Angalia kisigino chako."

Alikuwa hajawahi kuharibu kitambaa cha mtu. Usiku ule, akitandika kitanda, alijiambia mara tatu kwamba ametii alichoambiwa, na mara zote tatu hakujiamini.

Siku mbili kabla ya harusi, kiasi cha saa tano asubuhi, barabara ilisimama. Wanaume wa kupakia saruji waliacha mfuko njiani. Alikuwa ni binti, anakuja kwa miguu katikati ya barabara, amevaa gauni la harusi, amekusanya pindo kwa mikono yote miwili kama mtu anayevuka tope, mabega ya gauni yameanguka mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake mama yake ana pini mdomoni, na nyuma ya mama yake shangazi wa bwana harusi, anahema.

Binti hakusimama chini ya ngazi. Akazipanda zote mbili.

"Mama mkubwa, nimekuja unipime."

"Mwanangu," shangazi akaita kutoka chini, "sisi si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, shangazi. Basi nitaolewa hivi hivi. Watu wakiniuliza fundi wangu ni nani, nitasema ni wewe."

Wapakiaji wa saruji wakacheka. Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mimi sina ubaya na mtu," akasema. "Nasema tu kilichosemwa. Mama mtu yupo, aamue yeye."

Sasa macho yote yakamgeukia mdogo mtu. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. Fundi alikuwa ameshika meza ya cherehani. Alikuwa anamtazama mdogo wake kama alivyomtazama zamani akijifunza kutembea, mikono tayari, ila hamshiki.

"Dada, futi iko wapi?" mdogo mtu akauliza.

"Kwenye droo."

Mdogo mtu akapanda, akafungua droo mwenyewe, akachakura kati ya bobini na vifungo, akaitoa. Ilikuwa imekaa imeviringishwa miaka mingi hata ikakataa kunyooka. Kila akiivuta inajikunja tena kama konokono. Akaishika ncha hii, akampa dadaye ncha ile, wakaivuta wote wawili mpaka ikakubali.

"Mpime," akasema. Kisha akaongeza, "Mimi nilijua gauni lile silo. Nilijua nikiwa njiani, nikaona aibu kurudi."

"Na mimi nilijua," fundi akasema.

Akamzungushia binti futi kiunoni. Binti akaishikilia pamoja naye, kidole juu ya kidole. Akapima bega. Akapima kifua. Akapiga magoti kupima urefu, na pale chini akakaa zaidi ya inavyohitajika kwa kipimo cha urefu. Binti akamwekea mkono kichwani, akamwacha akae. Kila alipopima alisema tarakimu kwa sauti, na mdogo wake, asiye na kalamu, alizirudia ili asisahau.

Mzee Gundi alizisikia zile tarakimu. Akageuza shingo, akatazama ubao wa ukutani. Bega lile lile. Kifua kile kile. Kiuno kimepishana kwa nusu ya kidole. Mzee akainuka polepole, kama mtu anayenyoosha mgongo, akaegemea ukuta, na alipoondoka pale chaki yote ilikuwa imehamia kwenye koti lake. Hakuna aliyemwona isipokuwa fundi, naye alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha pamba.

Gauni lilipunguzwa siku ile ile. Uzi mrefu ulifumuka kwa mvuto mmoja tu. Siku ya harusi fundi alikaa mstari wa mbele, kando ya mdogo wake, amevaa gauni la buluu alilojishonea miaka iliyopita akakosa pa kulivaa. Kiti cha upande wake wa pili kilibaki kitupu mpaka Mzee Gundi alipokikalia, na yeye hakuwa amealikwa rasmi.

Msione kwamba mji uligeuka. Mwaka ule wanawake wawili walikuja kupimwa kwa futi, na mmoja wao alikuwa wa kule pia. Wengine waliendelea na mifuko yao. Binti amezaa, anakuja na mtoto, anamlaza kwenye kapu la vitambaa na kwenda sokoni. Futi haikurudi kwenye droo, inaning'inia shingoni kwa fundi, hata siku ambazo haina kazi.

Shangazi naye alifika barazani, mwezi mmoja baada ya harusi, kwa sababu kamba ya kiatu chake ilikatika mbele ya duka. Mzee Gundi ana tabia moja: kiatu cha mtu kikiwa mkononi mwake, mwenyewe amesimama mguu mmoja, ndipo anauliza anachotaka kuuliza. Fundi alikuwa amekwenda kununua uzi.

"Mama, lile neno la mkono wa fundi ulilisikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Mzee, wewe shona kiatu."

Akashona. Kwenye kona, mbele ya mbao zake, muuza mbao alikuwa anasalimiana na wapita njia. Mtu mchangamfu, ana mizaha. Wakati wa vita alikuwa na wale wenye bunduki, kila mtu anajua, alirudi amani ilipotangazwa, akasamehewa, akafungua biashara. Shangazi mwenyewe alikuwa ametoka hapo sasa hivi.

Mzee akakata uzi kwa meno, ila kiatu hakukirudisha.

"Nimekuona umempa mkono muuza mbao," akasema kwa upole. "Na mimi nampa kila asubuhi, nisijitoe. Mkono ule, mama, mbona sisi hatukuuogopa hata siku moja?"