Mafuta Niliyopaka Majani

Juzi, nikitoka misa ya kwanza, niliambiwa kwamba mama aliyekuwa akisafisha biro, yaani ofisi yetu ya zamani hapa Bunia, ametutoka. Wasomaji wangu mnajua sipendi kulia mbele za watu. Safari hii nililia palepale mlangoni mwa kanisa, na sikulia kwa huzuni peke yake. Nililia kwa aibu.

Miaka ya sabini ilikuwa ukingoni. Mimi nilikuwa karani mpya, mke wangu mjamzito. Chumbani kwa shefu, bosi wetu, kulikuwa na mmea wa majani mapana, ndani ya chungu, ulioachwa na mwenye nyumba wa kwanza alipoihama nchi. Shefu aliupenda kuliko sisi sote. Mama yule, mjane wa upande wa Mahagi, ndiye aliyeutunza. Hakuumwagia maji kabla ya kuchomeka kidole udongoni. Kila Jumatatu aligeuza chungu ili upande uliokosa dirisha nao upate mwanga, na kila jani alilipangusa kwa kitambaa chenye maji, akilikinga kwa kiganja. Nilimcheka: “Mama, hii ni muti tu.” Akanijibu, “Nayo iko napumua, kama weye.”

Kisha akaenda kwao kuzika ndugu, akakaa wiki tatu. Huku nyuma tukaambiwa mkubwa mmoja atakuja kutembelea. Mnazikumbuka ziara zile: kuta zapakwa chokaa upande wa barabara tu, dispensari haina dawa lakini mlango wake unang'aa. Shefu akaniachia mmea. Nami, mtoto wa mama Mkatoliki, nikachukua mafuta yangu ya kujipaka nikayang'arisha majani kama tunavyong'arisha watoto Jumapili. Shefu akafurahi, nikarudia kila asubuhi. Mkubwa hakuja. Vumbi la kiangazi lilikuja, likanasa kwenye mafuta, na majani yakageuka manjano, yakaanza kudondoka.

Mama aliporudi, shefu alimpokea kwa makelele, akimwita “mwananchi” kwa Kifaransa kama serikali ya enzi zile ilivyoamuru: “Sitwayene, ulijaza maji mbele ya kwenda, uliua muti yangu!” Mama akagusa jani, akanusa kidole, akanitazama. Mikono yangu ilinukia mafuta yaleyale. Niliinamia karatasi zangu. Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo, akaamriwa autupe mmea. Alipopita mezani kwangu, chungu kiunoni, alisema polepole, “Jani haiko mutoto wa kupeleka ku misa.” Binti yake aliacha shule mwaka ule.

Majuto ni mjukuu, na wangu sasa ana ndevu. Kwenye kilio nilimkuta binti huyo, mama mzima, siku hizi muuza samaki wa ziwani Tchomia. Nilimweleza yote. Hakushangaa. “Mama alijuaka,” alisema. “Alisemaka weye ulikuwa mupya ku kazi, na bibi yako alikuwa na mimba. Siye tulikuwa tumekwisha kukomaa na shida.”

Nchi yetu imejaa mikono kama yangu, inayong'arisha kinachoonekana, na anayelipa ni yule aliyekuwa akipangusa kimya kimya. Kama na wewe uliwahi kuinamia karatasi zako, usingoje kilio ndipo useme. Pembeni mwa chumba, nyuma ya waombolezaji, niliuona ule mmea, umefika karibu na dari, majani yake yamejaa vumbi la miguu yetu. Binti akanifuata na kitambaa na bakuli.

“Pangusa weye,” akaniambia. “Na maji tu.”