Babu wa Shimo la Choo

Msinicheke kabla sijamaliza. Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji kipya huku Titye, nilikuwa nachimba shimo la choo, jembe langu likapasua fuvu la mtu. Nilitoka mbio, nikaacha jembe na kandambili moja.

Kesho yake homa ikanikamata. Nikajua tu, huyu ni chifu wa zamani na amekasirika. Siku tatu mfululizo nilimpelekea tumbaku na kibuyu cha pombe ya ndizi. Nikamwekea hata mkuki wa marehemu baba, nikapiga makofi ya heshima. "Babu, mwanaume mwenzangu, nisamehe!" Homa ikazidi.

Mwalimu wa shule ya kijiji alikuwa amepeleka habari wilayani, na siku ya nne akaja mtaalamu wa mambo ya kale. Kijiji kizima kilisimama ukingoni. Akapangusa mifupa kwa brashi, akagusa nyonga.

"Huyu ni mama," akasema. "Tazameni magoti yalivyolika na vidole vya miguu vilivyopinda. Amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia tangu utotoni. Hata meno yameliwa na mchanga wa jiwe hilo." Kisha akainua macho. "Na mkuki huu ni wa nani?"

Wote wakanigeukia, wakaangua kicheko. Mke wangu peke yake hakucheka. Alikuwa anajisugua magoti.

"Baba Neema," akasema taratibu, "kumbe umemkosea mara mbili."

Homa ikanipanda palepale.