Mgeni wa Kitanda cha Dirishani

Wodini walimwita Kengele, na jina likamkaa. Saa za kuona wagonjwa zilipokwisha, sista mkuu huyo alipita kitanda hadi kitanda akitikisa kengele ya shaba, na hata waliokuwa katikati ya maombi waliinuka na vyombo vyao. "Mgonjwa hatakimbia," aliwaambia. "Mtamkuta kesho."

Alipofika miaka hamsini, akiwa bado na nguvu za kumwinua mgonjwa peke yake, akaomba kustaafu mapema. Siku ya kuagwa alisema mengi. Ulimi hauna mfupa. "Mimi nakwenda kulala mpaka jua linichome mgongo. Nyinyi bakini na mabeseni yenu." Wakacheka, wengine kwa meno tu.

Usingizi wenyewe aliushiba upesi. Mumewe alikuwa bado anakwenda kazini, na watoto walikuwa mbali. Alipanga makabati, akayapangua, akayapanga tena. Kitanda chao alikitandika kihospitali, mashuka yamekazwa pembeni, hata mumewe akalalamika kwamba anaingia kulala kama barua ndani ya bahasha. Majuto ni mjukuu, na kwa kuwa hakuwa na mjukuu mwingine, huyo ndiye aliyeshinda naye nyumbani. Kumwambia mtu hakuthubutu, hata mumewe. Angeanzia wapi, baada ya hotuba ile?

Ndipo akaanza kwenda hospitali ya upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua. Aliingia na wageni wa mchana, kapu la machungwa mkononi, akatafuta mgonjwa asiye na mgeni. Akampata bibi mmoja dirishani, akamdanganya kwamba ana desturi ya kutembelea wapweke. Akamgeuzia mto, akahesabu mapigo ya mshipa wake huku akijifanya anamshika mkono kwa huruma. Kesho yake akarudi, na keshokutwa pia. Nyumbani alikuwa akiingia anaimba, mumewe akidhani ametoka sokoni.

Siku moja kengele ililia akiwa amepiga magoti, anakaza pembe za shuka. Hatua zikaja, zikasimama nyuma yake.

"Mama?" Alikuwa sista kijana ambaye Kengele mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, sasa kahamishiwa huku. "Huko kutandika nimekujua kabla sijaona uso. Una mgonjwa hapa?"

Uso ulimwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Namsaidia bibi huyu tu. Hana mtu, masikini."

Sista akatazama chini. "Muda umekwisha, mama." Alisema taratibu, kwa heshima, na heshima ile ilimchoma kuliko tusi.

Bibi akainua kichwa kwenye mto. "Mwanangu, mwache akae kidogo," alimwambia sista. "Watoto wangu nimewaambia wawe wanakuja jioni, ili huyu apate pa kukaa mchana. Nyumbani hana kazi."

Kengele alibaki pale pale magotini, pembe ya shuka mkononi, asijue aikaze au aiachie.