Avoka ya Papa Direkta

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kitalu cha miche cha Nkungu, shefu wa kitalu alininyang'anya ndoo. Nilikuwa nimemwaga maji yote shinani mwa mti mmoja.

"Weye! Muti haikunywake na kifua," akafoka. "Inakunywaka na mizizi, na mizizi iko kule mbali!"

Akanionyesha kuchimba beseni, yaani mfereji wa duara wenye kina kifupi, chini ya ncha za matawi. Maji humwagwa humo polepole, kisha hufunikwa kwa majani makavu ya migomba, shina likiachwa wazi lipumue.

Baadaye niliajiriwa kutunza bustani Kamembe, kwa Papa Direkta, mkuu wa shule. Mparachichi wa uani, sisi twasema avoka, aliupanda mwenyewe yeye na mkewe waliporudi kutoka Bukavu. Alipofariki, watu walirudi kutoka makaburini wakanawa mikono kabla ya kuketi, kama desturi yetu ilivyo. Mkewe, tuliyemwita Maman, aliagiza wanawie penye shina la avoka.

"Bote bapitie kwake," alisema.

Matanga yakaisha, lakini Maman hakuacha. Kila asubuhi alikuja na jagi, akamwaga palepale.

"Maman, muti itaoza," nilimwambia.

"Papa Eliya, hii muti njo Papa aliniachia. Wacha niipatie maji."

Nikachimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Akaufukia kwa mguu. Kiangazi majani yakaanza kunyauka. Mti uliozidiwa na maji hunyauka sawasawa na wenye kiu, maana mizizi imeoza na hainywi tena. Maman alidhani ni kiu, akaongeza jagi la jioni. Gome likawa jeusi, likanuka.

Siku niliyoukata alisimama kando yangu.

"Haikukuwa na kiu?"

"Hapana, Maman. Ilishiba zamani."

Akaketi chini akalia, nami nikaweka panga kando.

Sasa nimestaafu. Vijana wa hapa mtaani huniuliza wamwagilie lini. Nawaambia wachimbe kidogo, waushike udongo. Ukigandamana kiganjani, warudishe ndoo nyumbani. Wananisifu kwamba kazi naijua. Naijua, ndiyo. Niliijua hata wakati ule, nikasema, na Maman hakubakiwa na kitu cha mumewe pale uani.